Chini ya Meza ya Shangazi

Nikiwa likizo kutoka shule ya bweni, nilikuwa nimejibanza chini ya meza ya kukatia vitambaa, tayari kunguruma kama nabii ili nimshtue shangazi yangu, fundi cherehani, ndipo akapiga magoti mbele yangu kusali.

"Baba, majoho ya kwaya hayajaisha, mgongo unawaka moto, na kesho napasuliwa. Naogopa. Kaa nami."

Nikaimeza ngurumo yangu. Utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake ulitetemeka mbele ya pua yangu, kisha, taratibu, ukatulia.

"Amina. Na asante kwa kunitumia msaidizi. Wewe mwenye soksi za bweni, toka ushone!"

Nilitambaa nje kwa hadhi ya askofu, nikashika sindano.

"Bado unaogopa, shangazi?"

"Kidogo. Ila Yeye yupo. Na wewe, hilo joho unalishonea kwenye suruali yako!"