Hesabu za Sehemu

Wakati wa chai, Mwalimu Nyamvula aliwaambia wenzake wa shule ile ya kijijini kwamba anataka kusomea uzamivu katika ufundishaji wa hisabati. Alijua watamcheka, kichwa kilishaota mvi.

“Utachunguza nini?” aliuliza Bi Zamda, mwalimu wa darasa la nne.

“Kwa nini watoto wetu wanaogopa hesabu za sehemu.”

Bi Zamda alitua kikombe. “Basi anza na mimi, mdogo wangu. Miaka yote nazifundisha, na bado zinanitoa jasho.”

Wakacheka wote. Kisha mwalimu mkuu naye akanyoosha mkono, taratibu, kama mwanafunzi.

Nyamvula akaona mpango wake umegeuka, kwamba ataanza na walimu kabla ya watoto, na moyo wake ukachangamka. Akafuta ratiba ubaoni, akachora duara kubwa, na walimu wakaanza kusogeza viti.