Basi la Waziri Nyumbu

Mnamo tarehe 7 Aprili, katika mwaka uliofuata ule wa ukame mkuu, Nyumbu, Waziri wa Usafiri wa wanyama, alilihutubia Baraza: "Basi lisilo na dereva litapunguza nauli, endapo matope ya barabara zetu yatakauka."

Kasuku, mpiga mbiu, alikuwa na desturi ya kuruka kabla hotuba haijaisha. Akatangaza kila mahali kwamba nauli itapungua. Wanyama wakamshangilia Nyumbu, naye akainamisha pembe kwa unyenyekevu.

Punda, dereva wa basi, akamfuata barazani. "Mheshimiwa, hukusema hivyo. Na mimi nitakosa kazi."

"Tulia, ndugu Punda," akajibu Nyumbu, huku Kasuku akipumzika juu ya paa. "Leo nimenukuliwa vizuri kuliko nilivyosema."

Punda akaachishwa kazi ili mshahara wake uokolewe. Basi jipya likakwama matopeni, wakaajiriwa nyani wanne wa kulisukuma, Fisi wa kulilinda, na Kobe wa kulitangulia akilionyesha njia. Nauli ikapanda maradufu.

Tarehe 2 Juni abiria walilizingira Baraza.

"Nilinukuliwa vibaya," Nyumbu akajitetea.

"Ni kweli, Mheshimiwa," akasema Kasuku. "Ila maneno yako kwa Punda niliyasikiliza hadi mwisho." Akayatamka yote, kwa sauti ya Nyumbu mwenyewe.

Kifaru, mwenyekiti wa Baraza, akakohoa. "Hata hivyo, mshahara mmoja ni lazima uokolewe."

Tangu siku hiyo Punda yupo kwenye usukani, Wizara ya Usafiri huendeshwa bila waziri, na nauli imeshuka.