Insha ya Mwizi

Kimani aliisoma ile sentensi mara ya nne, kisha akaipigia mstari mwekundu. "Mwanamume huyu huomba chakula kwa lugha ya mama yake, lakini akitaka kuitawala nyumba huazima lugha ya mkoloni."

Imeibwa. Hakuwa na shaka. Ila kwa miaka ishirini ya kufundisha fasihi ya Kiafrika chuo kikuu hakuwahi kuiona katika kitabu chochote, na hilo ndilo lililomkera.

Insha ilihusu wanaume katika riwaya za jamii ya Waigbo: mashujaa wa mieleka na mashamba ya viazi vikuu, wanaoogopa kuitwa wanawake kuliko wanavyoogopa kifo. Ilitoka chuo cha jioni cha watu wazima, ambako Kimani alikuwa mtahini wa nje. Haikuwa na jina, namba tu. Wanafunzi wengine wote waliandika kwamba mzungu alikuja akaivunja nyumba ya shujaa. Huyu aliandika kwamba mzungu aliikuta nyumba ina ufa, akapenya hapo hapo.

"Mwizi," Kimani akasema.

Mkewe, Wambui, alikuwa akifunga vifungo vya sare yake. Alikuwa na zamu kwenye makao ya wazee Waingereza kule Sutton Coldfield. "Nani tena, Baba Tevin?"

"Mwanafunzi. Ameiba insha nzima."

"Umejuaje?"

"Watu wa masomo ya jioni hawaandiki hivi." Akasukuma kikombe. "And this tea is cold, Wambui. How many times?"

Wambui akaipasha chai moto, akamwekea, akaondoka.

Kwenye ukurasa wa saba alirudia sentensi moja. "Mkewe akicheka mbele ya wageni, yeye hukohoa, na mke hunyamaza." Kimani alifikiria riwaya zote alizozijua. Hakuna aliyekohoa hivyo. Lakini Jumapili iliyopita, sebuleni hapo hapo, wageni wakiwa wamejaa kwenye makochi, kuna mtu alikohoa.

Akaweka kalamu chini. Kuna aliyekuwa akimchunguza.

Asubuhi alimkuta Bulle kwenye lifti. Bulle, Msomali aliyekulia Garissa, aliishi ghorofa ya chini yao katika jengo lile la mtaa wa Ladywood, na Jumapili alikuwa mmoja wa wageni. Kwapani alibana vitabu vya maktaba.

"Siku hizi unasoma, Bulle?"

"Nasoma, mwalimu. Jioni jioni."

"Unasoma nini?"

Bulle akacheka, akavigeuza vitabu ili majina yasionekane. "Mambo ya watu tu." Lifti ikafunguka. "Lakini kuta za hapa nyembamba, mwalimu. Mtu husikia mengi."

Kimani alibaki amesimama pale hadi lifti ikamfungia tena. Alipofika ofisini alimpigia simu Davinder, mama aliyeongoza kozi ile.

"Mwite huyo mwanafunzi ajieleze mbele yangu."

"Ndiye bora kuliko wote mwaka huu, Kimani. Una ushahidi?"

"Ushahidi atautoa mwenyewe."

Jioni alimsimulia Wambui, ambaye alikuwa akikunja nguo. "Jumatano saa nane atajua hajui. Na usishangae ukisikia ni mtu tunayemkaribisha humu ndani."

Mikono ya Wambui ikatulia juu ya shati. "Na kama aliandika mwenyewe?"

"Basi aniambie sentensi zile alizitoa wapi."

"Haya," Wambui akasema, akaendelea kukunja.

Usingizi wa siku zile ulikuwa wa mang'amung'amu. Kila alipofungua mdomo nyumbani, Kimani alisikiliza kwanza sakafu. Alianza kunong'ona. Mara mbili alitaka kukohoa, akameza.

Jumatano alivaa tai, akaketi na Davinder katika chumba kidogo chenye meza moja. Maswali yake kumi na mawili aliyapanga kama mitego. Aliuwazia uso wa Bulle ukisawijika, mwanamume mzima akishindwa mbele ya mwanamume mwenzake.

Mlango ukabishwa.

"Mwanafunzi wetu amefika," Davinder akasema.

Wambui aliingia na sare yake ya kazi, akavuta kiti, akaketi uso kwa uso na mumewe.

"Habari za mchana, Daktari," alisema. "Niulize nilizitoa wapi."