Njia ya Kukwepa Daraja

Sekela alikuwa amekaa ndani ya kayaki katikati ya soko la Tukuyu, juu ya nyasi, akipiga kasia hewani. Wauza ndizi walikuwa wamesahau wateja wao.

"Nyonga, dada! Nyonga ndizo zinazoendesha, mikono inafuata tu," alisema Meshaki, muuza mitumba. "Wewe unapiga kasia kama unasonga ugali wa msibani."

Kayaki yenyewe ilikuwa mtumbwi mwembamba wa plastiki, wa njano, wa kukaa mtu mmoja. Tangu biashara iachiwe huru, Meshaki alikuwa ameuza kila kitu: makoti ya baridi, viatu vya kutelezea kwenye barafu, hata meno ya bandia. Kayaki alizinunua mbili kule Matema, ziwani, kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Moja ilikwisha kuondoka.

"Nani kainunua?"

"Mtu mzima mmoja, ana haraka kama wewe. Ila hii sketi aliikataa. Alisema kwa umri wake, hapana."

Sketi ilikuwa ya mpira. Inavaliwa kiunoni, na upindo wake unabana mdomo wa kayaki ili maji yasiingie. Sekela aliivaa juu ya kitenge. Watu wakacheka. Hakuwajali, alikuwa ametoa cherehani yake ili aipate kayaki hiyo.

Hakuwa na namna. Kiwanda cha chai ng'ambo ya mto kilikuwa kimepata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya alikuwa na geti: saa moja kamili linafungwa. Sekela alikwisha kuchelewa mara mbili. Ya tatu, msimamizi alisema, asijisumbue kuja.

Kilichomchelewesha ni daraja. Baba mkwe wake, mzee Ambindwile, alipopunguzwa kazi kwenye shirika la umma, alifungua kibanda cha mikate na sabuni pale pale darajani. Alikuwepo tangu alfajiri. Na mkamwana wa Kinyakyusa haonani na baba mkwe: akimwona anaacha njia, anageuza uso, hata jina lake halitamki. Basi kila asubuhi Sekela alijibanza migombani, akisubiri mzee aingie ndani kupanga mikate. Mzee hakuwa na mikate mingi.

"Siwezi kumwambia yule mzee ahame," alisema Sekela. "Siwezi kumwambia kitu chochote."

"Na yeye hajakuona huko migombani?"

"Labda anaona migomba inatikisika."

Meshaki alikohoa, akarudi kwenye somo. "Ukipinduka, vuta mkanda huu, sketi itaachia. Koti la kuelea litakushika, lakini kayaki usiiache, ing'ang'anie. Na kubwa kuliko yote: tazama unakokwenda. Ukigeuza uso ghafla, mwili unafuata, kayaki inafuata, na mazishi yanafuata."

"Ndaga," alishukuru Sekela.

Jumatatu, saa moja kasorobo, alishuka mtoni, juu kidogo ya daraja. Ukungu ulikuwa mzito. Alifunga koti, akabana sketi, akajisukuma. Nyonga zilifanya kazi. Alipokaribia katikati ya mto alianza hata kuimba wimbo wa kanisani.

Alikuwa kwenye ubeti wa pili ukungu ulipotoa kayaki nyingine ya njano, imejaa mikate, na ndani yake mzee Ambindwile, bila sketi.

Sekela aligeuza uso. Mzee naye akageuza uso. Walifanya hivyo kwa adabu zote, na wote wawili wakapinduka.

Sekela alivuta mkanda, sketi ikaachia, akaibuka. Kayaki ya mzee ilikwenda zake na mikate yake. Ile iliyobaki waliing'ang'ania, Sekela upande huu, mzee upande ule, wamepeana migongo, na mto ukawachukua taratibu. Ng'ambo, king'ora cha kiwanda kikalia.

Ukungu ulianza kufunguka. Walipokaribia daraja, Sekela aliinua macho, kwa kuwa huko juu ndiko pekee alikoruhusiwa kutazama. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Mlangoni palikuwa na maandishi makubwa ya chaki:

DUKA LIMEHAMIA NG'AMBO, ILI MKWE APITE DARAJANI KWA AMANI.