Matusi ya Jioni

Jioni ile, kama jioni nyingine, Léontine alipanda juu ya kreti ya soda mbele ya duka lake la vitenge, simu mkononi, akawaonyesha wote wa Koboko gurusa iliyoungua. Alidai ameiokota kwenye jalala la jirani yake, Hajara.

"Tazameni," alisema. "Hii ndiyo mkate ya yule mutu. Iko kama soli ya kiatu. Mbwa akiuma, meno itabaki ndani."

Aliituma video kwenye kundi la mtaa, akasubiri. Hakusubiri sana. Ng'ambo ya barabara Hajara alijibu kwa video yake, ndefu zaidi: sombe ya Léontine, hicho kisamvu chake, haina chumvi, haina mawese, imejaa mchanga, na kule Kongo watu walichanga nauli wenyewe ili aondoke.

Mtaa mzima ulifungua. Wengine walifungua mara mbili.

Kilichowashangaza watu ni kwamba Léontine alimtukana Hajara kupitia antena ya Hajara mwenyewe. Antena ilikuwa ya kampuni moja ya mtandao huko Arua, lakini ilisimama juu ya paa la Hajara na kula umeme wake. Kila mteja alilipa kwa kadiri alivyotumia, na katika kila malipo Hajara alipata fungu. Fungu hilo ndilo lililokuwa likimsomesha binti yake, Shakira, kozi ya uuguzi. Antena ikiondoka, Shakira anarudi nyumbani. Hajara alimwambia hivyo kila aliyemsihi anyamaze: hakuna mwanamke wa vitenge visivyonunuliwa atakayemfukuza hewani kwake.

Siku iliyofuata alikuja Siraji, fundi wa kampuni, na pikipiki yake imejaa vumbi la barabara ya Arua. Alikuwa amekasirika kabla hata ya kuvua kofia.

Alisema kila jioni antena inalemewa. Susana wa zahanati hawezi kutuma ripoti zake. Kampuni ilipandisha bei ya saa za jioni ili watu wapungue, na hawakupungua. Walilipa, wakaendelea kutazama matusi.

"Wakati wa mvua, kabla ya matusi yenu, nilitaka kuihamishia Lurujo, maana hapa hakukuwa na mtumiaji," alisema. "Sasa nataka kuing'oa kwa sababu ya nyinyi wawili."

Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Nasur, alisema antena haina kosa, wenye kosa wana midomo. Akaagiza sahani ya wali na maharage. Aliiweka kwenye kigoda katikati ya barabara, akawaita wanawake wote wawili. Mtaa ule ulikuwa na desturi yake: wagombanao wakila sahani moja mbele ya watu, kesi imekwisha, na atakayeifufua anatozwa mbuzi.

Hajara aliitazama sahani, akatema mate pembeni.

"Mimi kula na huyu?" alisema. "Afadhali nile na mbuzi mwenyewe. Mbuzi ananawa."

Léontine alikisukuma kigoda kwa mguu. Maharage yalimwagika. Akasema mkono wake haujawahi kugusa chakula kimoja na mutu ya namna hiyo, na hautagusa mpaka azikwe. Watu waliguna. Mzee Nasur alichukua sahani yake, akaondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

Siraji alitoa pendekezo la mwisho. Angeweza kuifungia simu ya Léontine isiingie tena kwenye antena ile. Hajara akikubali tu, inafanyika sasa hivi.

"Usimfunge," Hajara alisema. "Ukimfunga, atasikia wapi ninavyomjibu?"

Watu walicheka. Siraji hakucheka. Alikaa kwenye kivuli cha duka la vitenge, akapiga simu Arua, akazungumza kwa muda mrefu huku akijifuta shingo. Aliporudi alisema kampuni haiwezi kuwafukuza wateja wanaolipa, na wala haiwezi kuendelea hivi. Ingefungwa antena ya pili, ili mzigo ugawanyike. Lazima iwe upande wa pili wa barabara, kwenye nyumba imara yenye umeme. Nyumba ya namna hiyo upande ule ilikuwa moja tu, ya Léontine.

Hajara alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. Alisema atapanda usiku aing'oe. Alisema kampuni imehongwa vitenge.

"Mama Shakira," Siraji alisema, "wewe na antena yako, yeye na yake. Kila mtu na fungu lake. Mimi nisirudi hapa tena."

Alipanda ngazi akaanza kazi. Léontine alisimama chini akimpiga video, akicheka kwa sauti ili isikike ng'ambo. Hajara aliingia ndani akaubamiza mlango, na bati la paa likatikisika.

Alasiri pikipiki ya Siraji ilishika njia ya Arua. Barabara ilipotulia, Hajara alifunga komeo la mbele, akatokea nyuma, akapita kwenye shamba la mahindi la jirani yao Asuman, akavuka barabara pale inapopinda, akaingia jikoni kwa Léontine bila kubisha hodi.

Mkeka ulikuwa umeshatandikwa. Juu yake palikuwa na sahani moja tu ya sombe, na gurusa mbili ambazo hazikuungua.

Hajara alinawa, akamega, akaonja.

"Leo umetia chumvi," alisema.

"Kula mbio, dada," Léontine alisema, akiisogeza sahani katikati yao. "Watu inaanza kurudi kutoka soko, antena ya kulisha sasa iko mbili, na leo iko zamu yako kutukana kwanza."