Choo cha Jirani

Choo cha nyumba kikigundua mimba kwenye mkojo, hupeleka habari ofisi ya kata. Hakitaji jina, hutaja nyumba tu, na majibu yake hayapingwi: binti wa nyumba hiyo asiyeolewa huchukuliwa.

Mwezi mzima mwanangu Tunu, mwenye miaka kumi na mitano, amekuwa akienda kujisaidia kwa jirani. "Chetu kinanuka, mama." Nami mjinga nikakisugua mpaka vidole vikachubuka.

Leo gari la kata limekuja kumchukua Raya, binti wa jirani. "Mama, wallahi sijamjua mwanamume!" alilia mtoto wa watu. Mama yake akamzaba kofi hadharani, kisha akanigeukia, machozi yakimtoka.

"Mwenzangu una bahati. Wako katulia."

Nikamtazama Tunu. Alikuwa ameinamisha kichwa, mkono tumboni.

"Alhamdulillahi," nikaitikia, nikafunga mlango.