Mtani wa Mzee Nikolausi

Mgeni alishuka kaburini kabla ya jeneza. Alikuja moja kwa moja kutoka barabarani, vumbi la safari limemjaa hadi kwenye kope, begi bado liko begani. Akawapita wanaume walioshika kamba, akaruka ndani ya shimo na kukaa chini.

"Hazikwi mtu hapa," alisema. "Hazikwi mpaka anijibu."

Watu walipigwa butwaa. Katekista alifunga kitabu chake cha sala. Mzee Gidamis, jirani aliyegombana na marehemu kila mwaka kwa sababu ya ng'ombe kuingia kwenye mahindi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyanyua fimbo. Vijana nao wakaanza kuvua makoti.

Helena aliwahi kuwazuia. "Babu Gidamis, nakuomba umwache," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu baba yake akate roho alihisi moyo ukitulia. "Huyu ni mtani. Nilimwita mimi mwenyewe."

Baba yake, Mzee Nikolausi, hakuwa mtu wa huku. Alitoka Songea enzi zile kuja kuendesha kombaini kwenye mashamba ya ngano, akamwoa Paskalina, binti wa Mbulu. Mashamba yalipokufa na wenzake wakarudi kusini, yeye alibaki Basotu na kishamba chake karibu na ziwa. Kwao hakwenda tena hata mara moja. Hakuna nauli, alisema. Nauli ikipatikana, tatizo lilikuwa mvua.

Lakini kwa maneno, Songea haikumtoka. Mtu akifa kule, alimsimulia Helena tangu akiwa mdogo, haachwi na machozi peke yake. Watu wa kabila la utani wanakuja. Mmoja anaingia kaburini na kugoma kutoka hadi apewe kitu. Mwingine anaiga mwendo wa marehemu, anautangaza ubahili wake, anamzulia na mambo ambayo hakuyafanya, mpaka mjane mwenyewe anacheka.

"Huku mnazika kimya kama watu walioiba," alisema mwezi ule alipolala kitandani, mbavu zimemtoka. "Usikubali nizikwe hivyo, mwanangu. Aje mtu wa kwetu anitukane."

Helena alihangaika. Alidandia lori hadi Katesh, akapeleka tangazo la redio: Mzee Nikolausi wa Basotu, mkoa mpya wa Manyara, ni mgonjwa sana, ndugu, jamaa na watani popote walipo wapate habari. Hakuja mtu. Mzee alifariki akiuliza kama kuna gari limesimama.

"Ni desturi ya kwao," aliwaeleza waombolezaji sasa. "Akitukana, nyinyi chekeni. Ndiyo heshima yenyewe."

Mgeni alikuwa ameshapanda juu. Alilizunguka jeneza, shingo mbele, mikono nyuma, bega la kushoto limeshuka, na watu wakaguna, maana alikuwa Mzee Nikolausi mtupu. Helena alijiuliza mtu wa mbali kaupataje mwendo ule. Watani wana kipaji, alijijibu.

"Ulisema msimu mmoja," mgeni aliliambia jeneza. "Unavuna ngano, unarudi na mabati ya nyumba. Mabati yako wapi, mwongo wewe?"

Mtu mmoja alicheka, kwa woga.

"Mkeo alikupakulia chakula kila jioni, kikaliwa na kuku. Hata siku aliyokufa, sufuria yako ilikuwa mafigani."

Hapo wakacheka wote, kwa sababu mke mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, khanga kichwani. Mzee Gidamis alicheka hadi akaiegemea fimbo yake. "Kumbe mimi nimeshakufa?" Paskalina alimwuliza mwanamke aliyekaa naye, na kwa kitambo kidogo uso wake ulisahau msiba.

Mgeni aliwatazama mmoja mmoja. Midomo ilimtetemeka. Helena, aliyecheka kuliko wote, aliona ni ufundi tu. Baba amepata alichokitaka, alijiambia, na machozi yakamtoka pamoja na kicheko.

Kisha mgeni akashika kamba kama wengine. Jeneza liliposhuka, bonge la kwanza la udongo alilitupa yeye, bila kumwuliza mtu. Hakudai chochote. Watu walipogeuka kunawa mikono, alikuwa ameshaondoka.

Helena alimkuta barabarani akingoja lori la Katesh. Alikuwa amemkimbilia na jogoo mwekundu kwapani, malipo ya mtani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Chukua huyu, ni haki yako. Umemzika baba kama alivyoomba. Sikudhani mtani angesafiri mbali hivi kwa tangazo tu. Wewe ni wa kabila gani?"

Mgeni hakunyoosha mkono. Alimtazama usoni kwa muda mrefu. Hasira zilikuwa zimemwisha, amebaki na uchovu wa safari.

"Mngoni, kama yeye," alisema. "Sikuja kutania, mdogo wangu. Kwetu mtoto hamtanii baba yake."